Saa Nane ya Mashine

Niliiambia nane, usiku.
Nikimaanisha saa nane yetu,
ile ambayo hata mbwa wa Nkuhungu wamechoka kubweka
na upepo umebaki kusukuma vumbi chini ya mlango.
Jikague mwenyewe, nikasema, mimi nimelala.

Ikasikia nane ya kwao.
Saa mbili, taarifa ya habari ndiyo inaanza kwa jirani,
nami nimefika tani ya tatu ya zabibu za Hombolo,
feni ikavuma kama mashine ya kukoboa,
kipanya kikaganda katikati ya jina la Mzee Ndahani,
na pembeni, chini, kwa herufi ndogo:
Ukaguzi umeanza. Asilimia moja.

Asilimia moja!
Ndahani kashika simu anangoja nimsomee deni lake,
na mimi mikono mapajani
kama mgeni asiyejua kama chai inakuja.

Sechelela, mtoto wa mdogo wangu, yule wa chuo,
alicheka mpaka akakohoa.
"Mama mkubwa, wao siku yao huanza usiku wa manane,
yako inaanza jua likitoka. Toa sita."
Miaka thelathini na moja ya uhasibu halmashauri,
nimetoa kodi, nimetoa makato, nimetoa posho za marehemu,
sijawahi kutoa sita kwenye usiku.
Nikatoa. Ikabaki mbili.

Usiku huo uniti za LUKU zikaisha saa tano na kitu.
Mashine ikazimika na ahadi yake.
Asubuhi, nilipoiwasha tu, kabla hata sijavaa miwani,
ikaanza kulipa deni la jana,
kama wale wadaiwa wanaokuja na hela
ukiwa umeshanawa mikono kula.

Nikaiacha.
Nikaenda uani kuanika mlenda.
Niliporudi: asilimia sitini na nne.
Tishio moja.

Lilikuwa kwenye folda ya Chibehe.
Chibehe wangu,
aliyerudi dukani kwa miguu, jua la saa saba,
kwa sababu chenji ilizidi mia mbili.
Chibehe mzee wa kanisa, mhesabu sadaka.
Alikuwa ameweka humo kijifaili, kakiita ufunguo,
ili programu ya hesabu isitudai leseni.
Miaka sita.
Mavuno sita nimeandika juu ya kufuli lililovunjwa,
na aliyelivunja akiniletea uji mezani
akiuliza, zimekubali? Hesabu zimekubali?

Mashine inangoja.
Futa. Tenga. Ruhusu.
Hakuna kitufe cha muulize mwenyewe.
Mwenyewe ana mwaka wa pili chini ya udongo,
na angejibu, namjua, "Ilikuwa mwezi wa ada."

Nilikaa muda.
Chai ikaota utando.

Nikabonyeza Tenga.
Kikae chumba cha peke yake, kisiguse, kisiguswe.
Kufuta sikuweza, na kusamehe nako
hakufanyiki kwa kidole kimoja.
Wahasibu tuna akaunti ya namna hiyo,
fedha ambazo hujajua uziweke wapi.
Huzikani. Huzitumii. Unaandika tarehe.

Kesho yake programu ikagoma,
ikadai leseni, shilingi elfu sabini na tano.
Nikalipa kwa simu, nimesimama, kama anayetoa rambirambi.

Sasa ukaguzi nimeupanga Jumamosi,
saa nne asubuhi, niko shambani napogoa mizabibu.
Nne yangu, kumi ya kwao; safari hii nimeongeza sita.
Uniti nanunua Ijumaa.
Ivume itakavyo, mwenye kusikia hayupo.

Na ile stakabadhi nimeichapa,
nimeibandika kwenye leja, matumizi ya nyumbani.
Palipoandikwa jina la mlipaji
nimeandika Chibehe.